Wanaofungasha bidhaa wanataka tufungue na nini? Mama kakosa dawa siku mbili, mimi nimeshonwa kidole

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji. Juzi usiku nimeshonwa nyuzi tatu zahanati. Sikupigana na mtu, sikukatwa na bati wala msumeno. Nimekatwa na ganda la plastiki lililofungia adapta ya kipimo cha presha. Nina hasira, na sitaki mtu aje hapa na "mkuu punguza jazba" kabla hajasoma mpaka mwisho.

Nianze na mama, maana yeye ndiye aliyenitoa Dar nikaenda kukatwa kidole.

Mama yangu ana miaka 74, yuko Muheza. Anakaa na mjukuu wa miaka mitatu, mtoto wa mdogo wangu ambaye yuko masomoni Dodoma. Kuna binti anamsaidia kazi za mchana, jioni anarudi kwao. Kwa hiyo usiku ni bibi na mjukuu tu. Mama ana baridi yabisi kwenye viungo vya vidole. Huyu ni mwanamke aliyesuka ukili, aliyekuna nazi na kutwanga tangu msichana, si mtu legelege, lakini siku hizi hata kukamua kitambaa cha kudekia kunamuuma.

Anakunywa dawa ya presha kila usiku. Miaka yote alikuwa akipata zile za karatasi, unabonyeza kidonge kinatoka upande wa pili. Mwezi huu duka la dawa walikuwa nazo za chupa peke yake: chupa nyeupe ya plastiki, vidonge 30, na kifuniko kile cha kubonyeza chini huku unazungusha. Mama hakuelekezwa na mtu. Maelekezo yapo juu ya kifuniko, ni ya Kiingereza, na hayana hata wino. Herufi zimechomoza kwenye plastiki ileile nyeupe, nyeupe juu ya nyeupe. Mimi mwenye macho mazima ilibidi nikiinamishe pembeni ya taa ndipo nikayaona.

Mama akazungusha. Kifuniko kikazunguka kweli, ka-ka-ka-ka-ka, kinazunguka tu wala hakitoki. Akadhani kimeharibika. Akafunga khanga mkononi apate kukishika vizuri, ka-ka-ka-ka. Akalala bila dawa. Usiku wa pili hivyohivyo. Hakunipigia, anasema aliona aibu kumsumbua mtu aliye kazini kwa ajili ya kifuniko cha chupa.

Usiku wa tatu akachukua mchi wa kile kinu kidogo cha viungo, akaigonga chupa juu ya kizingiti mpaka ikapasuka. Hapo ndipo akanipigia. "Mwanangu, vidonge vimetawanyika sakafu nzima. Nimeokota kwa taa ya simu, vingine vimeingia uvunguni sikuvipata." Nikamuuliza mtoto yuko wapi. "Amelala." Nilikaa kitandani nikatetemeka. Kifuniko kilichotengenezwa ili mtoto asifikie dawa ndicho kilichosababisha dawa ya presha imwagwe chini kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu.

Jumamosi asubuhi nikapita Kariakoo nikanunua adapta ya kipimo chake cha presha, ile ya zamani ilikuwa imeungua, kisha nikaenda stendi ya Magufuli kupanda basi. Nimefika jioni. Nikafagia uvungu kwanza, nikapata vidonge vinne. Halafu nikakaa kuifungua adapta nimpime.

Mnayajua yale maganda magumu ya plastiki angavu, bidhaa unaiona ndani kama samaki kwenye barafu, kingo zote nne zimeunganishwa kwa kuchomwa na moto. Hakuna mahali pa kuanzia. Hakuna mkato wala alama ya "vuta hapa". Nikajaribu kwa kucha, halafu kwa meno, halafu mkasi wa mama wa kushonea, ukateleza. Nikachukua kisu cha jikoni nikatoboa kona. Likachanika kama sentimita tano, nikaona nimalizie kwa kuvuta. Plastiki ile ikishakatwa ukingo wake unakuwa wembe. Uliingia kwenye gumba karibu na kiungo nikaona nyama nyeupe kabla damu haijaja. Mama akanifunga na upande wa khanga yake, nikampima kwa mkono mmoja: 168 kwa 102, presha iko juu. Ndipo bodaboda akanipeleka zahanati. Yule tabibu aliyenishona aliponiuliza nimekatwa na nini nikamwambia, hakushangaa hata kidogo. Kasema wanakuja wengi, wengine kwa vifuniko vya makopo.

Sasa nasikia majibu yenu kabla hamjaandika. Mtasema kifuniko cha dawa ni usalama wa watoto, na ganda gumu ni kwa ajili ya wezi madukani. Nimelala siku mbili na maumivu, nimesoma, kwa hiyo njooni na hoja.

Hivyo vifuniko vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 8317. Kifungashio kinapewa watoto wa miezi 42 hadi 51, na angalau asilimia 85 yao wasiweze kukifungua ndani ya dakika tano kabla ya kuonyeshwa namna. Sawa kabisa, naunga mkono. Lakini kiwango hichohicho kina jaribio la pili ambalo watu hawalisemi: kifungashio kinapewa pia watu wazima wa miaka 50 hadi 70, na asilimia 90 yao lazima wakifungue na kukifunga tena wakishasoma maelekezo. Maana yake waliotunga kiwango walijua tangu mwanzo kwamba kifuniko kisichofunguliwa na mzee ni kifuniko kibovu. Mama yangu ana miaka 74, hata kwenye kundi la kujaribiwa hayumo. Na maelekezo anayotakiwa kuyasoma yako kwa lugha asiyoijua, kwa herufi zisizo na rangi.

Na Marekani, ambako sheria ya vifuniko hivi ilipitishwa mwaka 1970, mgonjwa akiomba kifuniko cha kawaida kwenye dawa aliyoandikiwa na daktari anapewa. Huku kwetu nani amewahi kuulizwa dirishani, "Mama, hiki utakiweza?" Sekunde kumi tu za kumwonyesha zingetosha.

Kuna jambo jingine watu wanalichanganya. Kifungashio kinachokuonyesha kwamba kimeshaguswa ni kitu kimoja, na kifungashio kisichofunguka ni kitu kingine. Mwaka 1982 huko Chicago watu saba walikufa baada ya mtu kutia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu, vilivyokuwa tayari madukani. Tangu hapo dawa zikaanza kuwekwa lakiri ili mnunuzi aone kama kuna aliyetangulia kufungua. Hilo ni jambo la maana na sitaki liondolewe. Lakini angalieni chupa ya maji ya kunywa: unazungusha, kile kipete cha chini kinakatika, unasikia mlio, unajua wewe ndiye wa kwanza. Mtoto wa darasa la pili anafungua. Zamani juu yake walikuwa wanazungushia na ile nailoni laini ya kubana kizibo, serikali ikaipiga marufuku kwa kanuni za mwaka 2022 kwa sababu ya mazingira. Imeondoka, na maji tunakunywa yaleyale. Yaani kilikuwa kizuizi kisichohitajika, na tulikuwa tunakichana kwa kucha kila siku tukiamini lazima kiwepo.

Tena wasituambie teknolojia ni ngumu. Nani hapa hakuviona viroba vya pombe kabla havijapigwa marufuku Machi 2017? Mlevi asiyejua hata njia ya kwao alikuwa anakichana kwa jino moja, gizani, bila kumwaga tone. Pembeni kulikuwa na mkato mdogo, basi. Viwanda vilijua kabisa namna ya kumfungulia mlevi pombe.

Sasa chukua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari anaokorogewa mtoto anayeharisha. Hapa naomba mnisome taratibu maana hili linaniuma kuliko kidole. Pakiti ya ORS ya lita moja ina gramu 20.5 za unga, na zimepimwa kwa lita moja ya maji, isizidi isipungue. Mdogo wangu aliwahi kukesha na huyuhuyu mtoto, anaharisha na kutapika, mikono ya mama mtu inatetemeka, saa nane usiku. Pakiti ni ya karatasi ya fedha ngumu, haina mkato, kingo zake zimebanwa hadi kwenye pembe. Akaivuta kwa meno, ikaachia ghafla, unga ukaruka, nusu mezani nusu kwenye sufuria ya maji. Afanye nini? Akadirie maji kwa macho? Chumvi na sukari zikiwa pungufu mtoto anabaki bila alichokihitaji, na akipunguza maji kupita kiasi mchanganyiko unakuwa mkali, nao una madhara kwa mtoto. Kitu kilichopimwa kiwandani kwa uangalifu wote ule kinakuja kuharibiwa na ukingo wa pakiti. Sijui nani aliyeidhinisha kwamba dawa ya dharura ya mtoto ifunguliwe kwa mkasi. Nyumba ngapi zina mkasi unaoonekana saa nane za usiku?

Mengine nayapitisha haraka maana mnayajua. Kopo la nyanya lenye kipete kinachokatika kikiwa kimeinua kifuniko kidogo tu, ukibaki na mdomo mkali usioweza kuumalizia. Dumu la mafuta ya kula lenye pete ya ndani ya kuvuta kwa kidole, inakatika, unatoboa kwa kisu, mafuta yanaruka na vipande vya plastiki vinaingia ndani. Boksi la maziwa lenye mistari ya kukata ambayo haikati. Biskuti zenye utepe mwekundu unaochomoka peke yake na kuacha pakiti imefungwa vilevile.

Na msiniambie ni kwa sababu ya gharama. Mfuko wa unga wa kilo 25 unashonwa juu kwa uzi, na uzi ule ukikata ncha ya upande unaotakiwa ukavuta, unafumuka wote kwa mkupuo mmoja, mfuko mzima haujachanika na utautumia tena kuanikia au kubebea. Hakuna kitu rahisi kama hicho. Mama anaufungua na vidole vyakevyake vinavyouma. Aliyebuni mshono ule alimfikiria mtu atakayesimama mbele ya mfuko.

Ninachotaka ni hiki. Mamlaka zenye kazi ya viwango na dawa, TBS na TMDA, ziangalie kama kitu kinafunguka kwa mikono ya anayekihitaji, kama wanavyoangalia tarehe ya kuisha muda na uzito wa bidhaa. Maelekezo ya kufungua yawe kwa Kiswahili, kwa wino mweusi, pamoja na picha. Pakiti za ORS ziwe na mkato pembeni, zote. Mfamasia akitoa chupa ya kifuniko cha kubonyeza afungue na kufunga mbele ya mgonjwa, halafu mgonjwa naye ajaribu palepale dirishani. Na haya maganda ya kuchomewa, kama bidhaa ni ya elfu ishirini tatizo la wezi limalizwe kwa kuiweka nyuma ya kaunta, kama maduka mengi ya Kariakoo yanavyofanya tayari.

Kama humu kuna mtu anafanya kazi kiwandani upande wa kufungasha, naomba aje ajibu swali moja kwa ukweli: kabla bidhaa haijatoka, kuna mtu yeyote anayekaa chini akaifungua kwa mikono mitupu?

NYONGEZA: Kuna mdau kaandika kwamba mama angemwita jirani. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba, na ilikuwa usiku. Halafu kwa nini mtu mzima aliyelea watoto sita aende kugonga mlango wa watu usiku ili afunguliwe dawa yake mwenyewe? Mwingine kauliza vidonge vilivyobaki tumeviweka wapi. Mama kaviweka kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya kujipaka, kifuniko cha kuzungusha tu, anachokiweza. Kiko juu ya kabati la vyombo. Leo mchana kanipigia, kaniambia mtoto kajua kusogeza stuli na kupanda.