Mjadala: Nyimbo za Kiingereza ziingie darasani au zibaki redioni?

Wadau wa elimu wa Kusini, naomba tulijadili hili bila jazba, maana juzi kwenye kikao cha wazazi lilitushinda. Nafundisha Kiingereza kwenye shule ya kata huku Tandahimba. Mzazi mmoja alisimama akasema mwanawe amemleta asome, hakumleta kuimba nyimbo za Kizungu, na kwamba ile spika ninayoingia nayo darasani ndiyo mwanzo wa uhuni. Wengi wakampigia makofi. Hoja ikawekwa kiporo hadi kikao kijacho.

Mimi nasema ziingie.

Mtoto wa huku nyumbani anaongea Kimakonde. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili miaka 7. Januari anaingia kidato cha kwanza, anakuta baiolojia, jiografia, hesabu, karibu kila kitu kwa Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe hakisikii popote: sokoni hakuna, kwenye mnada wa korosho hakuna. Anachokisikia ni mimi, vipindi vichache kwa wiki. Nikitoka darasani nacho kimetoka. Wimbo ndio unaomfuata saluni, kwenye bodaboda, kibandani kwa muuza chipsi. Neno geni halishiki kwa kusikika mara moja, na hakuna mwalimu atakayerudia sentensi ileile mara ishirini darasa lisisinzie. Kiitikio kinairudia, na mtoto anaomba tena.

Niwaonyeshe daftari moja. Mwaka jana nilimwambia binti wa kidato cha kwanza aandike mshororo wowote wa wimbo anaoupenda. Akaandika "don't live me". Kuuimba aliuimba vizuri mno. Nikamwuliza maana yake, akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni usiniishi." Uso wake ulionyesha kwamba yeye mwenyewe halimwingii akilini. Wala haukuwa uzembe. Kiswahili kina irabu 5 na "i" yetu ni moja tu, lakini Kiingereza kinatenganisha ile ya kuvutwa ya "leave", yaani kuacha, na ile fupi iliyolegea ya "live", yaani kuishi. Kwa sikio letu zote ni moja. Nikayaandika yote mawili ubaoni, tukausikiliza mshororo mara tatu, kisha darasa zima likaimba: irabu ndefu unanyoosha mkono, fupi unakunja ngumi. Kipindi kizima kikaishia kwenye maneno mawili. Kesho yake wakaja wenyewe na "sheep" na "ship", "seat" na "sit". Nimefundisha kwa kitabu cha kiada miaka yote hiyo, sikuwahi kuletewa maneno na wanafunzi.

Sasa madhara, maana yapo. Kijana mmoja alijaza "gonna" mara nne kwenye insha. Mwingine anaandika "she don't" na ukimsahihisha anabisha, kwa sababu mwimbaji wake ndivyo anavyosema. Wapenzi wa rege wanarudi na Kiingereza cha Jamaika, ambacho kina sarufi yake na si kibaya, ila siyo kinachopimwa na NECTA. Halafu nyimbo za mapenzi maneno yake ni yaleyale, moyo, usiku, machozi. Mtoto anaweza kuzijua hamsini na bado akakutana na "describe" kwenye mtihani asijue anatakiwa afanye nini. Wanaosema mpe mtoto simu asikilize tu, Kiingereza kitakuja chenyewe, nao siwaungi mkono.

Lakini jamani, sisi ndio wa kukataa kufundisha kwa wimbo? Sisi wenye jando na unyago? Mwali anafundwa kwa nyimbo, na nyingi ni mafumbo: anaweza kuuimba mmoja usiku kucha asijue umebeba nini, mpaka kungwi amkalishe amfumbulie. Wimbo wa Kiingereza nao unataka kungwi. Yule binti asingekuwa na wa kumfumbulia, angebaki na "usiniishi" mpaka leo.

Na si lazima kila wimbo utoke Marekani au Uingereza. Vitenzi vya "go, went, gone" na wenzake darasa langu wanavipiga kwa mdundo wa sindimba juu ya madawati. Darasa la jirani limeshalalamika kelele, na hapo wana haki.

Kuhusu uhuni, yule mzazi nimemwelewa. Nimeshazikataa nyimbo nyingi baada ya kusoma maneno yake yote mpaka ubeti wa mwisho, zingine zenye kiitikio kizuri kabisa. Kosa langu ni kwamba kazi hiyo niliifanya peke yangu, wazazi wakabaki wanasikia muziki tu dirishani.

Walimu wenzangu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, nataka kusikia hasa kwa waliojaribu wakashindwa. Darasa la watoto sabini na spika moja, wa nyuma unawafanyaje? Na mzazi asiyekubaliana nami aandike pia, nitamjibu.

Kwenye kikao kijacho nitakwenda na nyimbo tatu, maneno yake nimeyaandika kwa mkono, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Wazazi wazisome kwanza, ndipo tupige kura.