Naomba ushauri: mazabodi ya Ryzen 5 5600 kwa laki mbili na nusu

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, najikusanyia kompyuta ya gemu kidogo kidogo.

Prosesa ninayo, Ryzen 5 5600, na RAM mbili za DDR4, gigabaiti 8 kila moja. Kadi ya picha, RX 6600, naipata mwisho wa mwezi. Imebaki mazabodi, ile bodi kuu ya kuchomekea vyote hivyo, na mfukoni nina laki mbili na nusu, basi.

Fundi mmoja Mwanjelwa ana mazabodi ya B450 iliyotumika, anataka laki na themanini. Nimeigeuzageuza juani: soketi safi, ila klipu moja ya kushikia RAM imevunjika. Nikamuuliza BIOS, ile programu ya kuiwasha bodi, ni toleo gani, akacheka. "We weka tu, itawaka." Hapo ndipo roho ilisita, maana B450 yenye BIOS ya zamani haiitambui 5600, na huku sina wa kuniazima Ryzen ya zamani nikaiapdeti. Nyuma sikuona kile kitufe cha kuflashi bila prosesa.

Au niagize mazabodi mpya ya A520 Kariakoo ije na basi? Mimi si mtu wa ovakloki, kuikimbiza prosesa kupita kasi yake. Wasiwasi wangu ni PCIe 3.0, njia ya data ya kadi kwenye bodi hizo mbili: ni toleo la polepole kuliko 4.0 ya B550, na RX 6600 inatumia leni (vichochoro) 8 tu za njia hiyo. Mliowahi kuifunga hivyo, fremu za gemu kwa sekunde zinashuka kiasi cha kuonekana, au nivumilie nidundulize B550?