Fundi wa lethi anataka kukata nyama ya flaiwili ya 13B, nimruhusu?

mwana_wete

Assalaam alaykum wakuu. Nina Mazda RX-7 FC ya 1987, injini ya rotari ya 13B yenye tabo, ilikuja kutoka Japan na giaboksi ya oto. Injini nimeishusha, kompresheni ya nyuma imekufa, na rota za zamani (zile pembetatu zinazozunguka badala ya pistoni) zimekwaruzika vibaya. Nikaagiza rota mbili za injini ya 1990, zimefika safi kabisa. Papo hapo naigeuza gari iwe ya manyuali. Giaboksi na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini, linaloshikana na klachi) nimepata vya 1987, mwaka ule ule wa gari yangu.

Flaiwili nimeipeleka kwa fundi wa lethi hapa Wete aipige uso wa klachi. Ameizungusha, anasema upande mmoja ina nyama nene, hailingani, injini itatetemeka. Anataka kuiondoa ile nyama ibaki duara sawasawa. Mimi moyo unasita. Ile nyama ni ya kazi gani? Na rota za 1990 zinakubali flaiwili ya 1987? Kwenye shafti zimeingia bila tabu.

fundi_saateni

Waalaykum salaam mwanangu. Kabla hujasoma mstari wa pili, mpigie huyo fundi. Apige uso wa klachi tu, nyama asiiguse.

Simlaumu. Flaiwili nyingi anazopokea ni za injini za pistoni, na hizo zikiwa nzito upande mmoja mara nyingi kweli ni mbovu. 13B mambo yake mengine. Shafti yake ina matumbo mawili yaliyopishana nyuzi 180, kila tumbo limetoka nje ya kati kwa milimita 15, na rota imevaa juu yake. Rota yenyewe inajizungusha mara moja shafti ikizunguka mara tatu, lakini kiini chake kinakwenda na tumbo kila mzunguko, na uzito wake wote. Ya mbele ikivuta juu, ya nyuma inavuta chini. Ukijumlisha unaona zimefutana, ila hazivuti mahali pamoja. Ni kama ngalawa, mmoja kakaa omo anavuta kulia, mwengine kakaa tezi anavuta kushoto: chombo hakihami, lakini kinajipinda pale pale. Kuzuia huko kujipinda, Mazda waliweka balansi mbili. Ya mbele ni kipande cha chuma kama nusu mwezi nyuma ya puli, ndani ya kifuniko. Ya nyuma, kwenye gari ya oto, ni kipande cha peke yake. Kwenye manyuali wameimwaga pamoja na flaiwili. Hiyo ndiyo nyama anayotaka kuikata.

Swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Rota za 1989 mpaka 1991 Mazda walizipunguza uzito, na kwenye tabo kompresheni ikapanda kutoka 8.5 mpaka 9.0. Kwa hiyo balansi zake, mbele na nyuma, si zile za 1986 mpaka 1988. Kuingia kwenye shafti si hoja. Balansi inafuata rota. Mwaka wa gari wala giaboksi haihusiki.

dereva_mkoani

Fundi, heshima yako. Lakini binamu yangu alifunga vilivyochanganyika hivyo hivyo na gari ilitembea. Kutetemeka kulianza juu huko tu.

fundi_saateni

Itawaka na itatembea, kaka, na hapo ndipo watu wanapotiwa moyo. Piga hesabu. Tuseme tofauti ni gramu 100 kwa kila rota. Kwenye milimita 15, injini ikifika mizunguko 7000 kwa dakika, hizo gramu 100 zinavuta kama mzigo wa kilo 80, mbele upande huu na nyuma upande ule. Kwenye 3500 ni kilo 20 tu. Dereva wa taratibu hasikii kitu, huku beringi za shafti zinaliwa. Na kijana huyu amekwisha lipa rota, usafiri na bandari. Sitaki azitupe.

Mwana wa Wete, njia ni hizi. Tafuta flaiwili ya manyuali ya tabo ya 1989 mpaka 1991, pamoja na balansi ya mbele ya miaka hiyo hiyo. Muuzaji akupe ya tabo, ya klachi ya milimita 240. Isiyo na tabo ni 225. Au chukua balansi ya nyuma ya oto ya miaka hiyo, uifungie flaiwili nyepesi ya chuma. Ile iliyotoka kwenye oto yako usiitamani, ni ya rota zako za zamani. Au uza hizi rota, utafute za 1987, na vyote ulivyonavyo vitakaa. Mimi ningeifuata hii ya mwisho, kwa sababu kitu cha kutafuta ni kimoja.

Ukipata karakana inayojua kubalansi rotari, wapelekee kila kitu: shafti, rota na sili zake, balansi ya mbele, flaiwili. Waulize kama wanahesabu uzito wa oili inayokaa ndani ya rota. Wakishangaa, ondoka.

Halafu angalia ubavuni mwa rota, kuna herufi ya daraja la uzito, kati ya a na e. Niambie zako.

mwana_wete

Alhamdulillahi, alikuwa hajaanza kukata. Herufi ni c zote mbili. Ami, nimeamua kutafuta flaiwili na balansi ya mbele za 1990, hizi rota ni nzuri mno kuziachia.

fundi_saateni

Sawa, c na c zinapendana. Ukibadilisha balansi ya mbele, isimamishe injini, upande wa puli uwe juu, flaiwili iwe chini, ndipo ulegeze boliti ya puli. Ukilegeza imelala, beringi ya sindano inadondoka kutoka mahali pake na utaisaga ukikaza bila kujua. Upande wa nyuma futa mafuta yote kwenye koni ya shafti, ufunguo ukae vizuri, nati ya milimita 54 upake gundi ya sili usoni, ukaze kilo-mita 40 mpaka 50. Kisha weka geji ya saa kwenye flaiwili, uisukume na kuivuta. Mchezo wa shafti, wa mbele na nyuma, uwe kati ya milimita 0.04 na 0.07. Ukipita 0.09 usiifunge, nipigie tuchague spesa.