Naomba ushauri: Huntington ipo kwenye familia yetu, nikapime au niache?

Wakuu habari zenu, mzee wangu ana miaka 52 na ana Huntington, ule ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo taratibu, dokta wa mishipa ya fahamu kathibitisha kwa kipimo cha vinasaba baada ya ukoo mzima kusema karogwa, maana hata babu aliondoka na hali hiyohiyo. Kikombe cha chai hakifiki mdomoni, mikono inaruka yenyewe, na hasira za ajabu wakati alikuwa mpole mno. Anatumia tetrabenazini, mikono imetulia ila kawa mnyonge halafu hataki kuongea na mtu, je hiyo ni dawa au ugonjwa wenyewe?

Sasa kinachoninyima usingizi ni kwamba kila mtoto ana asilimia 50 ya kurithi, na ikitoka kwa baba inaweza kuanza mapema zaidi. Mdogo wangu wa kike juzi kaangusha sahani tu, nikaganda.

Mimi nina 27, mchumba yupo, mahari bado. Nikapime wakati dawa ya kuponya haipo? Na huyu binti nimwambie kabla ya posa au baada ya majibu? Wenye mgonjwa kama huyu nyumbani nijuzeni, wale wa majini mpite tu.