Naomba ushauri: Krugerrand yenye kasha la NGC, nitajuaje si feki?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Niko Nyakato, Mwanza. Nataka kununua mtandaoni Krugerrand, ile sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, wakia moja, iliyofungwa kwenye kasha la plastiki la NGC, kampuni inayokagua sarafu na kuzithibitisha. Hela ni akiba ya mama baada ya kuuza injini ya mtumbwi, sitaki kabisa kubahatisha.

Namba ya kasha nimeiingiza kwenye tovuti ya NGC, inasoma vizuri. Tatizo matapeli wananakili namba halali, kwa hiyo hilo peke yake halinitoshi. Nimevuta picha ya muuzaji karibu: herufi za lebo ni nene kupita kawaida, na pembe za yule swala aliyechorwa kwenye sarafu zimefifia, hazina ncha. Yeye anasema ni mwanga wa kamera. Mimi moyo unakataa.

Ingekuwa haina kasha ningempa sonara aipime: gramu 33.93, karati 22. Na hata mizani hudanganywa, maana metali ya tangsteni inakaribiana sana na dhahabu kwa uzito.

Aliyewahi kupimisha sarafu bila kuvunja kasha, pale soko la madini au kwingine, anielekeze tafadhali. Na nimdai muuzaji picha zipi kabla sijatuma hela?