Mrejesho: Sabufa iliyokuwa ikivuma sasa imetulia

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza iwapo kuongeza kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji na kulainisha umeme) kwenye sehemu ya umeme kungeondoa mvumo unaosikika kwenye sabufa yangu hata sauti ikiwa sifuri. Niliondoa kapasita mbili za maikrofaradi 4,700 za volti 35, moja ikiwa imevimba kichwani, nikafunga za maikrofaradi 10,000 za volti 50, kwa kuwa transfoma yangu ya 18-0-18 (volti 18 za AC kila upande wa waya wa kati) hutoa takribani volti 25 kila upande baada ya umeme kupita kwenye dayodi zinazougeuza kuwa DC. Mvumo ulipungua, haukuisha. Kumbe waya wa graundi (waya wa volti sifuri) wa upande wa kuingizia sauti ulikuwa umeungwa kwenye njia ileile inayopitisha mkondo wa kuchaji kapasita. Nilipouhamishia kwenye nukta iliyo nje ya njia hiyo, nilibandika sikio kwenye spika nisisikie kitu. Fyuzi ya awali iliungua nilipowasha, kwa kuwa kapasita kubwa huvuta mkondo mwingi zinapoanza kujaa, nikaweka ya aina inayochelewa kukatika, yenye ampea zilezile. Aliyenikumbusha kumaliza chaji ya kapasita kwa rezista kabla ya kuzigusa, ahsante sana: plagi ilikuwa imechomolewa, lakini mita bado ilisoma volti 19 kwenye kapasita.