Wadaiwa wawili hawajajibu hati ya madai na shauri limekwama: nifanyeje?

Mbao za Mafinga
Wakuu, naomba mwongozo. Mwezi Januari nilifungua shauri katika mahakama ya wilaya nikiwadai wanunuzi wawili wa Mbeya shilingi 46,000,000 za mbao nilizowapelekea. Mdaiwa wa kwanza alipokea wito mwezi Februari na kutia saini. Wa pili alikuwa ameshahama Mwanjelwa, na nyumba aliyokuwa akiishi ina mpangaji mwingine. Shauri limetajwa mara nne na kuahirishwa mara nne. Mwezi Mei mdaiwa wa kwanza alijitokeza, akaomba kwa mdomo aongezewe muda. Je, ukimya wao haunipi ushindi moja kwa moja? Sina wakili, na nauli ya kwenda na kurudi imeanza kunielemea.

Mzee wa Kihesa
Ndugu, pole. Shauri la madai husukumwa na mdai, na nadhani hapo ndipo ulipokwama. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mdaiwa aliyefikishiwa wito anatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21. Akichelewa, anaweza kuomba nyongeza ndani ya siku 7 baada ya muda huo kwisha, akieleza sababu ya msingi, na mahakama ikiridhika humwongezea siku 10 tu. Aliyepokea wito Februari akaja kuomba Mei amekwishapitwa na dirisha hilo. Siku ya kutajwa, simama uiombe mahakama kwa mdomo, chini ya Amri ya VIII kanuni ya 14 ya sheria hiyo, ipange tarehe ya kusikiliza ushahidi wako upande mmoja, yaani bila mdaiwa kushiriki. Hakimu atataka kwanza uthibitisho kwamba wito ulimfikia, kwa hiyo hakikisha nakala yenye saini pamoja na kiapo cha msambaza nyaraka vimo katika jalada.

Huyu wa pili ni habari nyingine, kwa kuwa siku 21 hazihesabiki dhidi ya mtu ambaye hajafikishiwa wito. Omba kibali cha kumpelekea wito kwa njia mbadala, kwa mfano kwa kuubandika mahakamani na kwenye makazi yake ya mwisho yanayojulikana, au kwa tangazo la gazeti.

Binti Tukuyu
Naongezea jambo moja ambalo lilinigharimu mimi katika deni la parachichi: kusikilizwa upande mmoja hakukuondolei wajibu wa kuthibitisha dai. Nilifika na maneno matupu na daftari langu mwenyewe, nikapewa chini ya nusu ya nilichodai. Nenda na hati za kupokelea mzigo, miamala ya benki au ya simu, na dereva aliyeshusha mbao. Tena usikose tarehe hata moja, kwani shauri linaweza kufutwa kwa sababu yako wewe.

Mbao za Mafinga
Nashukuruni. Dereva yupo Makambako, nitamfuata. Je, nikipata hukumu hiyo, wanaweza kuipindua?

Mzee wa Kihesa
Wanaweza kuomba itenguliwe ndani ya siku 21 tangu tarehe ya hukumu, wakionyesha sababu ya kutosha, na sababu inayokubalika kwa urahisi kuliko zote ni kwamba wito haukuwafikia. Ndiyo maana nakusisitizia kile kiapo: kisome mwenyewe masjala kabla ya tarehe yako, uone kama jina, mahali na siku vimeandikwa sawasawa.